UZI: Mawe ya kuta za pwani yaliwahi kuwa hai, na hapa tunapokaa palikuwa chini ya bahari

Kombe la Mwambani (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nenda kwenye ukuta wowote wa kale uliobanduka lipu, iwe Mji Mkongwe, Bagamoyo, Kilwa Kisiwani au Mji wa Kale Mombasa. Usiutazame kwa mbali. Sogea mpaka pua ikaribie kugusa jiwe. Utaona vitundu vidogo vilivyojipanga kwa umbo la nyota, mistari iliyojipindapinda, na mara nyingine ganda zima la kombe limezama ndani ya jiwe, halitoki hata kwa patasi.

Vyote hivyo ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mwamba. Mtu akisikia neno hilo akili yake hukimbilia Olduvai na fuvu la Zinj aliloliona Mary Leakey mwaka 1959, au yale madubwana ya Tendaguru kule Lindi yaliyochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin. Sawa, hayo yana sifa yake. Lakini mtu wa pwani analala ndani ya visukuku, anaegemea visukuku, msikiti anaoswalia umejengwa kwa visukuku, halafu kitabu cha shule kinamwambia vinapatikana mbali huko.

Jiwe la kuta hizo ni tumbawe. Tumbawe si mmea, wala kwa asili yake si jiwe. Ni kazi ya vinyama vidogo, vingi vyake vina upana wa milimita chache tu, ambavyo huchota madini kutoka maji ya bahari na kujijengea kiunzi cha chokaa. Kinyama kikifa kiunzi kinabaki, kingine kinajenga juu yake, na hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka. Ndani ya miili yao wamo miani wadogo sana wanaotegemea mwanga wa jua. Ndiyo maana matumbawe yanayojenga miamba hayapendi giza la kilindini. Yanataka maji ya uvuguvugu, masafi, yasiyo na kina kirefu.

Ushahidi wenyewe uko hapo. Ukikuta mwamba wenye matumbawe yaliyosimama vilevile yalivyoota, ujue mahali hapo palikuwa bahari ya kina kifupi. Na leo sehemu kubwa ya mwamba huo iko mita kadhaa juu ya maji hata yanapojaa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Ama ardhi imepanda au bahari imeshuka.

Kwa pwani yetu jibu kubwa ni bahari. Takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa katika kipindi cha joto, barafu ya Greenland na Antaktika ilikuwa pungufu kuliko sasa, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya kimo cha leo. Matumbawe yakajenga kwa kufuata kimo kile. Kisha baridi ikarudi, maji yakafungwa kwenye barafu huko kaskazini ya dunia, bahari ikashuka, na miamba ikabaki juu ikipigwa jua na mvua. Mwamba wa Mombasa umepimwa umri na ukaangukia kipindi hicho hicho.

Unapimwaje? Tumbawe likiwa hai huingiza urani (uranium) kidogo iliyoyeyuka kwenye maji ya bahari, lakini karibu haliingizi thori (thorium). Urani hugeuka thori taratibu, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima kiasi cha kila moja ndani ya kipande kizima kisichochujwa na mvua, unapata umri. Njia hii inafika takriban miaka 500,000 nyuma, zaidi ya hapo inashindwa.

Nitaendelea. Karibuni.

---

Mbishi wa Kudumu

Mkuu umeandika vizuri ila unazunguka. Sisi wenye vitabu tunajua: gharika ya Nabii Nuhu. Maji yalifunika kila kitu, yalipoondoka yakaacha makombe hadi milimani. Hiyo ya miaka laki na ushee ni ya nini?

---

Fundi Chokaa

Mwenye uzi, niingie kidogo, hii ni kazi yangu na ya mzee wangu kabla yangu.

Usiyachanganye mawe. Wazee walitumia aina mbili. Kuna jiwe la kuchimba nchi kavu, hilo gumu, lenye matundu na makombe, ndilo la kunyanyulia kuta. Na kuna tumbawe la kukatwa baharini likiwa hai. Hilo likitoka majini ni laini, unalichonga kwa shoka na patasi, likikaa hewani linakuwa gumu. La pili ndilo la mihrabu, fremu za milango, vidaka na nakshi. Ukienda Kizimkazi Dimbani, maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye mihrabu yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yamechongwa kwenye tumbawe, na mpaka leo yanasomeka.

Halafu kuna chokaa yenyewe. Unapanga magogo duara, juu unajaza vipande vya matumbawe, unatia moto. Moto ukikolea, jiwe linaachia hewa yake na kubaki chokaa kali inayounguza ngozi. Ukiipiga maji inachemka yenyewe na kulegea kuwa unga. Ukiijengea, taratibu inavuta ile hewa tena na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo zile kuta ni mifupa iliyogundishwa kwa mifupa.

Na siku hizi watu wanapaka saruji juu ya kuta hizo. Ukuta wa matumbawe unapumua. Saruji inaufunga unyevu ndani, chumvi inasukuma, lipu inaporomoka vipande vipande. Tunawaambia, hawasikii.

---

Kombe la Mwambani

Fundi, nimeipenda hiyo ya mifupa kugundishwa kwa mifupa, nitaiiba.

Mbishi, ndugu yangu, imani yako siigusi. Ila swali lako tulipeleke kwenye jiwe lenyewe, maana jiwe halina upande.

Maji ya ghafla yakipita yanafanya nini? Yanavunja, yanaburuta, yanamwaga. Matokeo yake ni fujo: matumbawe vichwa chini, makombe yaliyovunjika, kokoto na matope pamoja. Tabaka za namna hiyo zipo pwani, mawimbi makubwa huziacha. Lakini sehemu nyingine za mwamba wetu zina matumbawe makubwa yaliyosimama wima, moja limeota juu ya jingine, na kombe liko kwenye tundu alimoishi likiwa na maganda yake yote mawili yamefungana. Hapo hakuna kilichoburutwa. Pameota hapo hapo, na mengi ya matumbawe manene hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka. Mwamba wenye unene wa mita nyingi haujengwi kwa siku arobaini.

Jambo la pili, miamba ya pwani yetu haina umri mmoja. Chokaa yenye Mapango ya Amboni, Tanga, ni ya zama za Jurasiki, takriban miaka milioni 150. Tendaguru ni za kipindi hicho hicho, na kule tabaka zimepangana kwa zamu: tabaka yenye mifupa ya dinosaria wa nchi kavu, juu yake tabaka yenye viumbe wa bahari, juu yake tena mifupa. Bahari iliingia na kutoka, ikaingia tena. Anayetaka maji yaliyokuja mara moja atapata taabu sana Lindi.

---

Bint Makunduchi

Assalaam alaykum wanajamvi. Huku kwetu kusini ya Unguja ardhi yote ni maweni. Udongo haupo ila kwenye mashimo ya jiwe, mwekundu, unaotosha shina la muhogo. Mito hatuna, mvua ikinyesha inapotea. Maji tunayapata visimani na mapangoni, na kisima kikiwa karibu na bahari kina chumvi. Skuli hatukuelezwa sababu. Na lile pango la Kuumbi, Jambiani, nilisikia limechimbwa wakapata mifupa ya punda milia. Punda milia Unguja? Kaogelea?

---

Kombe la Mwambani

Waalaykumu salaam dada. Umeuliza kiini cha uzi wote.

Nianze na maweni. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni na kuwa tindikali dhaifu. Chokaa haivumilii tindikali. Ukitaka kuona kwa macho, dondoshea siki au ndimu kwenye kipande cha jiwe hilo, utaona povu dogo. Ukiwa mwalimu, hilo ni somo zima na gharama yake ni ndimu moja. Mvua inafanya vivyo hivyo kwa miaka elfu na elfu: inapanua nyufa, inachimba mashimo, inatengeneza mapango. Ule udongo mwekundu ni mabaki, pamoja na vumbi lililoletwa na upepo, baada ya chokaa kuyeyuka na kuondoka. Maji yasiyo na chumvi yanazama na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya kisiwa, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mkivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Hoteli zinazochimba visima ovyo ufukweni zingelijua hili.

Sasa punda milia. Ni kweli, mifupa yake imepatikana Kuumbi, na ya nyati pia, pamoja na zana za mawe za watu waliokaa humo kuanzia takriban miaka 20,000 iliyopita. Na hakuogelea.

Nilisema bahari ilikuwa juu miaka 125,000 iliyopita. Baadaye ikaenda upande wa pili. Kilele cha enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi nyuma, barafu nene ilifunika Kanada na kaskazini ya Ulaya, na maji ya kuitengeneza yalitoka baharini. Bahari ikashuka takriban mita 120 chini ya ilivyo leo. Sasa chukua ramani ya bahari: mkono wa maji kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Ulikauka wote. Unguja haikuwa kisiwa. Palikuwa nyika, na mwindaji wa Kuumbi aliweza kutembea kwa miguu mpaka mahali ambapo leo ni Bagamoyo, akiwa na nguvu na muda.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda, na takriban miaka 10,000 iliyopita Unguja ikakatika. Wanyama wakubwa wakabaki kwenye eneo dogo, wakaisha. Watu nao waliliacha pango kwa maelfu ya miaka, wakarudi baadaye sana. Waliobaki ni wale wanaoweza kuishi padogo. Paa nunga yupo Unguja na yupo pia misitu ya pwani ya Kenya kama Arabuko-Sokoke. Mnyama wa msituni asiyevuka bahari anapatikana pande mbili za maji. Kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, ni binamu wa kima wekundu wa bara, ila amejitenga muda mrefu akawa wa peke yake.

Pemba ni habari nyingine kabisa. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, umekatwa na nyufa za ardhi zinazoshuka hadi chini sana. Bahari iliposhuka mita 120, Pemba iliendelea kuwa kisiwa. Ndiyo maana kima punju hakuwapo huko kwa asili, waliopo msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970. Wapemba wasikasirike, wao wana popo wao mkubwa asiyepatikana pengine popote duniani.

---

Kilifi Moja

Mwenye uzi umenikosha. Niongeze ya huku Kenya.

Wengi hatujiulizi kwa nini Kilindini, bandari ya Mombasa, ina kina hata meli kubwa zinaingia ndani ya nchi. Ni hiyo hiyo habari ya bahari kushuka. Maji yalipokwenda chini, mito ya huku ilikuwa na mteremko mkali, ikachimba mabonde marefu kwenye mwamba. Bahari iliporudi ikayajaza. Kilindini, Tudor na Port Reitz ni mabonde ya mito yaliyozama. Serikali zote zilizokuja, Mreno, Mwomani, Mwingereza, zimegombania bonde lililochimbwa wakati wa barafu ya Ulaya! Na Mreno alipoanza Fort Jesus mwaka 1593, sehemu ya chini aliichonga humo humo kwenye mwamba wa matumbawe.

Jingine ni machimbo ya Bamburi. Jiwe la kutengenezea saruji limechimbwa pale tangu miaka ya 1950, nalo ni mwamba wa matumbawe wa kale. Likabaki jangwa jeupe, jua kali, hakuna udongo. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, mingi ikafa, mivinje ikashika. Majani ya mivinje yakawa yanalala tu hayaozi. Akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, wakanya udongo. Leo ni msitu, Haller Park, watoto wanalisha twiga. Mtu akikwambia udongo hutengenezwa vipi, mwambie kwa vinyesi vya jongoo.

Na huku Kilifi tuna pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 walitangaza kaburi la mtoto wa miaka mitatu hivi, alizikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, miguu imekunjwa. Wakamwita Mtoto. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba walilazimika kuchukua bonge zima la udongo na kulipeleka maabara.

---

Nyangumi Mweusi

Mimi nimekuja kusoma comments tu ila nimejikuta nabandua lipu sebuleni 😂 Mama mwenye nyumba asione huu uzi.

---

Mjukuu wa Muscat

Salaam kutoka Oman. Babu yangu alizaliwa Unguja, mimi huku. Milima yetu ya Hajar, ukipanda Jebel Shams inayofika karibu mita 3,000, unakuta makombe na viumbe vya bahari kwenye jiwe juu kabisa. Hapo pia bahari ilikuwa juu kiasi hicho? Mbishi atafurahi.

---

Mbishi wa Kudumu

Nimefurahi tayari. Mita 3,000! Jibu hilo mwenye uzi.

---

Kombe la Mwambani

Tulieni wote wawili.

Barafu yote ya dunia ya leo ikiyeyuka, bahari inapanda takriban mita 70 tu. Mita 3,000 haifiki ng'o. Huko Oman kilichopanda ni ardhi. Mawe yale yalilala chini ya bahari ya kale kwa mamilioni ya miaka, kisha mabamba ya ardhi, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, yakasukumana. Takriban miaka milioni 95 iliyopita kipande kizima cha sakafu ya bahari kilipandishwa juu ya ukingo wa Arabuni, na wanajiolojia wa dunia nzima wanakwenda kukikanyaga huko Oman kwa miguu mikavu. Milima yenyewe ilikuja kuinuka baadaye.

Kwa hiyo kombe lililo juu halina maelezo ya aina moja. Mombasa mita 6, tazama bahari. Jebel Shams mita 3,000, tazama ardhi. Dalili mojawapo ni kama mwamba umepinda au umelala: chokaa yetu ya pwani imelala karibu sawa na maji, ya Hajar imekunjwa na kupinduliwa.

---

Jarife la Tanga

Mmesahau visukuku vinavyoogelea. Sisi tunaotega majarife kina kirefu huku Tanga, tangu 2003 tunapata yule samaki silikanti, mwenye mapezi yanayofanana na viguu. Wataalamu walidhani ukoo wake uliisha pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mnofu wake haufai, una mafuta mabaya. Hifadhi imetengwa kwa ajili yake tangu 2009.

Swali langu lakini si hilo. Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani. Wazee wanasema kilikuwa na mivinje na kasa walikuja kutaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Hiyo nayo ni barafu?

---

Kombe la Mwambani

Jarife, asante kwa silikanti.

Maziwi kilizama mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na kuisingizia barafu peke yake si haki. Ilikuwa mchanga uliorundikana juu ya mwamba wa matumbawe, bila kiini cha jiwe. Mchanga wa namna hiyo husogea kila kusi na kaskazi zinapobadilishana, na kinachoushikilia ni mizizi. Miti ikakatwa, mawimbi yakafanya yaliyobaki. Linganisha na visiwa vyenye mwamba wa kale, Chumbe kwa mfano, au vile vya Watamu vilivyoliwa chini vikabaki na umbo la uyoga. Vile navyo vinaliwa, lakini polepole: bahari inalamba, kome watobozi wanachimba, konokono wadogo wanakwangua miani pamoja na jiwe. Mkato ule wa chini unaonyesha kimo ambacho bahari ya sasa imekaa muda mrefu. Ukiona mkato mwingine wa zamani juu yake, pale ndipo maji yalipokaa zamani.

Kuna aliyeniuliza kwa faragha atavionea wapi haya akiwa Dar. Miamba ya ufukwe wa Oysterbay inatosha. Nenda siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Vaa raba, kuna viumbe vya miiba kwenye madimbwi. Beba ndimu. Nyundo iache nyumbani.